Mlango Uliofunguka Mara Thelathini na Saba

TANGAZO NA. 14

Kwa wafanyakazi wote wa Taasisi ya Hifadhi ya Mbegu.

Inatangazwa kwamba kijiko kimoja cha chai, cha bati, chenye mpini uliopinda kidogo upande wa kushoto, hakijaonekana katika jiko la wafanyakazi tangu siku ya Jumatatu. Aliyekichukua anaombwa akirudishe katika droo ya pili, si ya kwanza. Aidha, wafanyakazi wanakumbushwa kwamba vijiko vya chai havitumiki kupimia mbolea.

Imetolewa kwa amri ya Mkurugenzi.
Nakala: ofisi, maghala na vituo vyote (37).

Mpelelezi alilisoma tangazo hilo mara mbili, na mara ya tatu akaligeuza nyuma ili ahakikishe kwamba halikuwa na sehemu nyingine. Halikuwa nayo. Lilibandikwa nje ya jiko la wafanyakazi, likiwa na mihuri miwili ya buluu, mmoja juu ya saini na mwingine juu ya tarehe. Nayo tarehe ilikuwa ya siku ile ile ambayo mlango wa chumba baridi ulifunguka. Aliliandika jambo hilo katika daftari lake, si kwa kuwa aliliona la maana, bali kwa kuwa katika miaka ishirini na sita ya kazi hakuwahi kukaripiwa kwa kuandika mno.

Pale kwenye taasisi walikuwa wamekwisha kumpa jina. Walimwita Bwana Subiri, maana kila aliyeanza kujitetea mbele yake alikatizwa kwa maneno mawili, subiri kidogo, yakisemwa kwa upole wa daktari wa meno.

Shauri lenyewe liliweza kuelezwa kwa pumzi moja. Siku tatu kabla, katika ile nusu saa ya utulivu ambayo taasisi nzima hulaza vichwa mezani baada ya chakula cha mchana, mlango wa chumba baridi ulikaa wazi kwa dakika ishirini na tano. Hewa ya nje, nzito na yenye unyevu, iliingia, ikageuka maji kwenye dari ya bati, ikadondoka tone baada ya tone juu ya trei iliyokuwa karibu na mlango. Ndani ya trei mlikuwa na punje mia mbili na kumi za maharage ya jicho jekundu. Hayapo mahali pengine popote. Mkulima wa mwisho aliyeyapanda alikwisha fariki, na shamba lake sasa ni uwanja wa kuegesha malori. Punje zililowa, zikachipua. Bodi iliizungushia trei utepe mwekundu, ikaamuru ibaki chumbani kama ushahidi, ikamsimamisha kazi mtunza mbegu, kwa kuwa kumbukumbu za mlango zilionyesha kwamba ulifunguliwa na simu yake.

Bodi ingekaa tena leo, saa nane na nusu. Kama aliyefungua angejulikana kabla ya hapo, utepe ungekatwa na machipukizi yangepandwa. Kama asingejulikana, yangengoja kikao kijacho, mwezi mmoja baadaye. Bodi ilijua kungoja. Machipukizi hayakuwa wajumbe wa Bodi.

Saa tano, mpelelezi aliingia katika ukumbi mrefu unaoelekea chumba baridi. Madirishani zilipangwa chupa za mbegu tangu sakafuni hadi usawa wa kichwa, na jua lililopita humo lilifika ndani likiwa limechoka, rangi ya kahawia na kijani, likilala sakafuni kama kitu kilichosahauliwa na mwenyewe. Upande wa kushoto, juu ya benchi, alikaa mwanamke wa makamo mwenye ovaroli safi lisilo na kazi ya kufanya. Huyo ndiye mtunza mbegu. Alikatazwa kuvuka mstari uliochorwa sakafuni. Hakukatazwa kukaa kabla ya mstari, na tangu siku ya tukio alikuwa amekaa hapo akiutazama mlango.

“Zimefika urefu wa kucha,” alisema, kabla hata ya salamu. “Leo bado ziko hai. Kesho mizizi itaanza kuoza.”

“Umeziona, mama?”

“Nimezihesabu siku. Mtu hahitaji kuona.”

Mpelelezi aliinamisha kichwa, akampita, akamfuata mlinzi, ambaye alikuwa kwenye kiti chake katikati ya ukumbi, mgongo umenyooka kupita kiasi.

“Siku ile ulikuwa wapi?”

“Hapa hapa, afande. Kiti hiki hiki. Macho makavu.”

“Aliingia nani chumba cha kubadilia nguo?”

“Mama pale. Saa saba kamili aliingia, akaacha simu yake kwenye rafu kama ilivyo sheria, akapitiliza chumba cha kukaushia mbegu. Hakutoka mpaka saa nane. Baada yake hakuingia mtu, hakutoka mtu. Sikuona kitu.”

“Subiri kidogo. Sijakuuliza kama uliona mtu. Nimekuuliza uliona nini.”

Mlinzi alikuna kidevu, akatazama huku na huku, kisha akateremsha sauti.

“Niliona wingu.”

“Wingu.”

“Jeupe, afande. Lilitoka kule mwisho likitambaa chini chini, taratibu, kama linanyatia kuku. Likanifika magotini. Lina baridi tamu, nisikufiche. Nikasema moyoni, hii ni ndoto. Sasa mtu akiandika kwenye kitabu cha zamu kwamba kaona wingu ndani ya nyumba, si kajiandikia kwa mkono wake mwenyewe kwamba alilala kazini?”

“Kwa hiyo uliandika nini?”

“Hali shwari.”

“Na ulikuwa umelala?”

“Ndipo penye shida. Mpaka leo sijui.”

Mpelelezi aliyaandika yote, pamoja na kuku.

“Huo mlango ulikuwa unafanya nini?”

“Unataka kujifunga, unaghairi. Unataka kujifunga, unaghairi. Umewahi kumwona mgeni anayeaga, kasimama mlangoni, na maneno hayamwishi? Basi vile vile.”

Fundi wa programu aliitwa saa sita. Alikuwa kijana mrefu mwenye begi la mgongoni, na alipofika karibu na benchi aliinama sana, macho sakafuni, akasema, “Shikamoo, mama,” naye mtunza mbegu akaitikia akiwa ametazama pembeni. Mpelelezi hakuhitaji kuuliza. Watu wawili hawakwepani kwa adabu ya namna hiyo isipokuwa mmoja amemwoa binti wa mwingine.

Waliingia wawili katika chumba cha kubadilia nguo. Kilikuwa chembamba kama behewa, na ukuta mmoja wa plaiwudi uliopakwa rangi ya maziwa. Juu ya rafu, mahali pale pale ilipokuwa siku ya tukio, ililala simu ya mtunza mbegu, imechomekwa umeme, ina lebo ya USHAHIDI. Skrini yake ilikuwa inawaka. Ilikuwa haijazimika kwa siku tatu, na mwanga wake mweupe ulitulia darini kama wa mbalamwezi ndogo.

“Eleza simu hii inavyofungua mlango,” alisema mpelelezi. “Fanya kama unamweleza mtu asiyejua kitu. Hutakuwa mbali na ukweli.”

“Ni ukurasa wa kawaida wa mtandao, mzee. Hausakinishwi. Unaufungua kwenye kivinjari cha simu, kama unavyofungua gazeti. Zamani ukurasa ulikuwa wa kusoma tu; kilichougusa kwako ni macho tu. Siku hizi vivinjari vinauwezesha kutumia viungo vya simu yenyewe, mwenye simu akikubali. Unauliza: naomba hiki, ruhusu au kataa. Mtu akibonyeza ruhusu, basi.”

“Huu wako uliomba viungo gani?”

“Mawimbi ya karibu, haya watu wanayorushiana picha. Ndiyo yanayozungumza na kitasa. Hayavuki mita kumi. Halafu uliomba skrini isilale, kwa sababu ukurasa ukilala, na mlango hausikii.”

“Kwa hiyo mtu aliye nyumbani kwake hawezi kuufungua.”

“Hawezi. Hata mimi niliyeutengeneza siwezi. Lazima simu iwe hapa.”

Mpelelezi alikuwa amempangia fundi huyo nafasi nzuri katika orodha yake ya washukiwa, karibu na juu. Alimshusha, kwa kusita.

“Na kiungo cha tatu?”

“Ni hivyo viwili tu, mzee.”

“Subiri kidogo.” Alivaa miwani, akagusa skrini kwa ncha ya kidole, akaenda mahali ambapo kivinjari hutunza ruhusa ambazo kila ukurasa umepewa, kama mtu aliyekwisha kupita njia hiyo asubuhi. “Hapa pana mistari mitatu. Wa kwanza, vifaa vya karibu. Wa pili, skrini. Wa tatu umeandikwa: vihisi vya mwendo.”

Fundi aliitazama dari kwa makini makubwa.

“Huo ni wa mapambo tu.”

“Mapambo yanayoomba ruhusa,” alisema mpelelezi, akaandika. Kisha akafunua karatasi ndefu ya kumbukumbu za mlango. “Sikia. Saa saba na dakika kumi na sita: fungua. Baada ya sekunde arobaini: fungua. Baada ya nyingine arobaini: fungua. Mlango huanza kujifunga wenyewe nusu dakika ikipita bila amri, na hufungika dakika moja ikitimia, kwa hiyo haukupata nafasi. Nimehesabu. Amri ni thelathini na saba. Ni mhalifu gani anayefungua mlango ulio wazi, mara thelathini na sita zaidi?”

“Labda mwenye wasiwasi.”

“Mwenye wasiwasi hukosea saa. Huyu alikuwa na mwendo wa mtu anayelipwa kwa mwezi.”

Walirudi ukumbini. Mpelelezi alikaa benchini kando ya mtunza mbegu, akampa glavu mbili za mpira, nene, na simu yake yeye mpelelezi.

“Vaa, mama. Moja juu ya nyingine, kama ukiwa kazini. Sasa gusa popote kwenye skrini.”

Aligusa. Akagusa tena. Simu ilibaki kama ilivyokuwa, haina habari naye.

“Ulisema katika maelezo yako kwamba mlango unaufungua kwa kidole.”

“Ndiyo. Navua glavu.”

“Hilo ni kweli kwa miaka miwili. Nimesoma daftari la glavu.” Alifungua ukurasa uliokunjwa pembe. “Glavu ikivuliwa haivaliwi tena, hutupwa. Ulikuwa unatumia jozi arobaini kwa wiki, wiki baada ya wiki. Wiki iliyopita ulitumia tisa. Mikono yako ilipata wapi nafuu hiyo?”

Mtunza mbegu aliitazama mikono yake. Ngozi ya vidole ilikuwa imebabuka zamani na sasa ilikuwa inaanza kupona, laini na nyekundu kidogo. Alitazama upande wa fundi bila kumtazama.

“Mwanangu, usiseme kitu.”

“Mama...”

“Nimesema nyamaza. Bwana Subiri, andika kwamba ni mimi. Nilikuwa na haraka, nilisahau, ni mzee, chagua utakalo. Huyu yuko kwenye mkataba wa majaribio, na nyumbani kwake kuna kitoto kinachotambaa. Wakimfukuza yeye, wamefukuza nyumba nzima.”

“Nikiandika kwamba ulisahau, Bodi itauliza ulisahau vipi mara thelathini na saba. Haitaamini, na utepe hautakatwa.”

“Kwa hiyo unanitaka nichague: mkwe wangu au mbegu zangu.”

“Mimi sitaki kitu, mama. Mimi nauliza.”

Vumbi lilikuwa likipanda katika mwanga wa chupa, taratibu, kama linalofikiri mara mbili. Fundi ndiye aliyesema, akiongea na viatu vyake.

“Unagonga mara mbili. Ko-ko, kama mtu anayepiga hodi. Simu ikiwa rafuni, unagonga rafu kando yake kwa kifundo cha kidole, glavu na yote. Vihisi vinasikia mtikisiko, ukurasa unahesabu: mmoja, wa pili ndani ya sekunde moja, unafungua. Nilimwekea wiki iliyopita. Mke wangu alinionyesha picha ya mikono ya mama. Sikuweza kulala.”

“Mkurugenzi anajua?”

“Hajui.”

“Kwa nini hukumwambia?”

“Kila badiliko linahitaji tangazo, mzee. Tangazo linahitaji kikao. Nilihesabu miezi minne.”

Mpelelezi hakulaumu. Aliandika: hodi. Kisha akasimama, akarudi peke yake chumba cha kubadilia, akapiga magoti chini ya rafu kama mtu aliyedondosha kifungo. Hakuna aliyeingia humu baada ya saa saba. Hata hivyo kulikuwa na aliyepiga hodi, mara thelathini na saba, mbilimbili, kila baada ya sekunde arobaini. Alipapasa upande wa chini wa ubao, kutoka ukingoni kuelekea ukutani, na mkono wake ukatarajia kukuta misumari. Haukukuta. Ubao haukuishia ukutani. Seremala, kwa sababu anazozijua mwenyewe, alikata tundu katika plaiwudi, akapitisha ubao mmoja mrefu. Upande huu nusu yake iliitwa rafu. Upande wa pili nusu nyingine lazima ilikuwa na jina tofauti.

Upande wa pili ilikuwa masjala.

Karani wa masjala alikuwa mzee mwembamba, mwenye shati lililofungwa hadi kifungo cha shingo na kalamu tatu mfukoni, zote za rangi moja. Ilikuwa saa saba na robo. Nje, taasisi ilikuwa imekwisha lala: uma zimetulia, milango imerudishwa, na kutoka kila chumba ulisikika mvumo mzito wa watu wanaopumua kwa mamlaka ya ofisi. Karani hakulala. Alikuwa anaupangusa mhuri kwa kitambaa, na meza yake, ilivyoonekana wazi, ilitokea ukutani.

“Hulali, mzee wangu?”

“Nusu saa hii ndiyo ya mihuri, ndugu mpelelezi. Mkono ukisumbuliwa, mhuri unakwenda upande. Mhuri uliokwenda upande ni mhuri wa nani?”

“Tangazo la kijiko ulilipiga mihuri wakati huu?”

“Wakati huu. Nakala thelathini na saba, kila moja naipitia herufi kwa herufi, naandika namba yake kwa mkono, ndipo napiga. Barua za kawaida hupigwa mhuri mmoja. Amri ya Mkurugenzi, miwili: saini, tarehe. Nalowesha wino mara moja, napiga yote miwili papo hapo. Ukichelewa wino unapauka.”

“Na kabla ya tangazo hilo, amri nyingine ya Mkurugenzi ilitoka lini?”

“Mwezi uliopita. Kuhusu mazulia.”

“Nionyeshe unavyopiga.”

Karani alimtazama kama aliyeombwa avue suruali.

“Mhuri haupigwi bure.”

“Ni kwa upelelezi.”

“Hata upelelezi una namba ya kumbukumbu. Yako ngapi?”

Mpelelezi aliketi, akaandika barua ya maombi ya mistari miwili. Karani aliipokea, akaisoma, akaifungulia jalada, akaigonga mhuri mmoja wa IMEPOKELEWA, akaiweka chini ya nyingine. Ilipita dakika moja ya ukimya kamili. Baada ya hapo alifungua droo, akatoa nakala moja ya Tangazo Na. 14 iliyochafuka wino pembeni.

“Hii iliharibika. Ni ya thelathini na nane. Nitaipiga, kisha nitaibatilisha kwa maandishi, na wewe utasaini kwamba umeona nikiibatilisha.”

“Nitasaini.”

Karani aliufungua mkebe wa wino, akaukoroga kwanza, maana wino mzito hukaa chini. Aliukoroga kwa kijiko cha bati, chenye mpini uliopinda kidogo upande wa kushoto. Mpelelezi alikitazama kijiko hicho kwa muda. Hakutumwa kwa ajili ya kijiko.

Ko-ko.

Meza ilitikisika kidogo, kama mnyama aliyeguswa usingizini. Nyuma ya ukuta wa plaiwudi kitu kililia kwa sauti ndogo, mlio mmoja mfupi, na mbali zaidi kikafuata kishindo laini cha mlango mzito unaoteleza kwenye reli.

“Afande!” Sauti ya mlinzi ilitoka ukumbini, imejaa furaha isiyo na kiasi. “Afande, wingu! Njoo ulione! Sikulala! Mungu wangu, sikulala!”

Mpelelezi alipofika, ukungu ulikuwa umeshuka kwenye kizingiti na kuenea sakafuni, mweupe, usio na haraka. Mtunza mbegu alikuwa amesimama ukingoni mwa mstari. Kwa ndani, hatua nne tu kutoka kwake, trei ilionekana ndani ya utepe wake mwekundu, na juu ya utepe zilichungulia ncha nyingi za kijani iliyopauka, zimeinama zote upande mmoja, upande wa mwanga.

Mguu wake ulikuwa umekwisha nyanyuka.

“Subiri kidogo, mama,” alisema mpelelezi. “Bodi inakaa baada ya saa moja. Sasa ninacho cha kuiambia.”

Aliurudisha mguu chini. Mlango ulikaa dakika moja, ukajifunga.

Taarifa ya mpelelezi ilikuwa na ukurasa mmoja. Ilisema kwamba mlango ulifunguliwa na mihuri ya Tangazo Na. 14, kupitia ubao mmoja usiokatwa, kupitia vihisi vya mwendo vya simu iliyokatazwa kulala, kupitia ukurasa uliopewa ruhusa tatu na mtu mmoja kwa nia njema. Ilisema kwamba hakuna aliyetenda kosa kubwa kuliko kunyamaza. Ilipendekeza machipukizi yapandwe leo hii. Fundi aliomba aongeze saini yake chini ya mistari inayomhusu, akaongeza. Kwa mara ya kwanza mtunza mbegu alimtazama mkwe wake usoni, kisha akamwambia kola ya shati imekaa vibaya.

Saa tisa na nusu walikuwa ukumbini, wote wanne. Mtunza mbegu benchini, fundi amesimama mbali kwa kipimo kilekile cha adabu, mlinzi kitini, mpelelezi ameegemea dirisha lenye chupa za mtama. Safari hii maamuzi ya Bodi yalitolewa kwa amri ya Mkurugenzi, na yangesomwa kwa kipaza sauti kabla ya nakala kusambazwa. Juu ya mlango kipaza sauti kilikohoa, na sauti ya Mkurugenzi ikashuka, tulivu, kana kwamba inatoka kwa mtu aliye chini ya maji.

“Kwanza. Bodi imeipokea taarifa ya mpelelezi na kuisifu kwa ufupi wake.”

Mlinzi alimpa mpelelezi ishara ya kidole gumba.

“Pili. Kwa kuwa kanuni ya tisa inazungumzia mlango uliofunguliwa na mtu, wala haitaji ubao, mhuri, au ukurasa, Bodi imeridhika kwamba aliyefungua mlango bado hajapatikana.”

Kidole gumba kilirudi polepole mahali pake.

“Tatu. Mtunza mbegu ataendelea kukaa nje ya kazi, na trei itaendelea kukaa ndani ya chumba, hadi hapo aliyefungua atakapopatikana. Simu, rafu na ukurasa visiguswe, kwa kuwa ni ushahidi.”

Fundi alifumba macho. Mtunza mbegu hakulia. Alikaa vile vile, mikono juu ya magoti, kama aliyeambiwa hali ya hewa.

Ndipo iliposikika, kutoka nyuma ya plaiwudi, mahali ambapo mzee mwenye mkono thabiti, bila kungoja nusu saa yake ya kesho, alikuwa amekwisha pokea nakala ya kwanza ya maamuzi hayo, kuisoma herufi kwa herufi na kuiandikia namba yake.

Ko-ko.

Simu ililia rafuni. Mlango uliteleza. Ukungu ulitoka, ukapita chini ya benchi, ukazunguka miguu ya kiti cha mlinzi, ukaujaza ukumbi mpaka magotini, na mwanga wa kahawia na kijani ukaelea juu yake kama mafuta juu ya maziwa.

Mtunza mbegu alisimama. Alimtazama mpelelezi. Fundi naye alimtazama, na mlinzi pia. Mpelelezi alikuwa na maneno mawili ya wakati kama huo, yaliyomletea jina. Alitoa miwani yake, akaanza kuisafisha kwa pindo la koti, kioo kimoja baada ya kingine, bila haraka.

“Afande,” alisema mlinzi, akiwa amekwisha inamisha kichwa kifuani, “mimi nimelala.”

“Naona hivyo. Andika hali shwari.”

Mtunza mbegu alivuka mstari. Ukungu ulimmeza hadi kiunoni, kisha mzima mzima. Sekunde arobaini zilipita; mlango ukataka kujifunga; nyuma ya ukuta nakala ya pili ikapigwa, ko-ko, nao ukaghairi. Alitokea amekumbatia trei kifuani kama mtu aliyembeba mtoto aliyesinzia, utepe mwekundu ukiburuzika nyuma yake juu ya ukungu. Fundi alikwenda haraka akamfungulia mlango wa bustani kwa mikono miwili, akainama, na mama mkwe wake akapita.

Nakala ya tatu. Ko-ko. Kipaza sauti kilikohoa tena.

“Nne, na mwisho. Ili kuondoa mashaka, Bodi imeamua kwamba mlango wa chumba baridi uhesabiwe kuwa umefungwa, tangu siku ya tukio hadi kikao kijacho. Kwa hiyo hakuna kilichoingia humo, na hakuna kilichotoka.”